Kipande Kimoja Mfukoni mwa Mtoto

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu mwanafunzi hufunzwa mapema chuoni ni kukusanya zana za kufundishia. Huambiwa atafute visoda, vijiti, mbegu na vijiwe, avitie katika kopo na kuvipeleka darasani. Agizo hilo ni jema, na hatuna nia ya kulipinga. Lakini linasahau kwamba mtoto naye ni mkusanyaji, tena amemtangulia mwalimu. Mfukoni mwa kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza wa Nyamwaga, Sirari, Mugumu au Nata mna gololi mbili, kisoda kimoja, mbegu yenye madoa na kipande cha waya. Vitu hivyo hakuviweka kwa sababu ni vingi. Aliviweka kwa sababu kila kimoja ni hicho na si kingine. Na aghalabu mwalimu akiviona huamuru vitupwe shimoni, kipindi kianze.

Maoni yetu ni kwamba amri hiyo huondoa darasani zana bora kuliko nyingi tunazokesha tukizikata katika karatasi za manila.

Msomaji asidhani kwamba kupenda kipande kimoja kimoja ni utoto mtupu. Yafaa tutazame kidogo mambo ya watu wazima wa nchi nyingine. Mwaka 1932 seremala mmoja wa Billund, Denmark, jina lake Ole Kirk Christiansen, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao. Kampuni yake, LEGO, baadaye iligeukia plastiki, na tarehe 28 Januari 1958 iliombea hataza tofali dogo lenye vinundu juu na mirija ndani, ambalo hushikamana na jenziwe bila gundi. Matofali hayo yameenea duniani, na leo wapo watu wazima ambao hawayakusanyi ili wajenge nyumba, bali humtafuta tofali mmoja mmoja kama mfugaji amtafutavyo ndama aliyepotea. Mkusanyaji hulipindua tofali na kulitazama chini. Likiwa tupu ndani, bila mirija, hujua kwamba ni la kabla ya mabadiliko ya 1958. Hulitazama pia kama limepinda, kwa kuwa plastiki iliyotumika hadi mwaka 1963 ilikuwa ya aina nyingine, isiyodumisha umbo vizuri. Tazama basi ni maswali mangapi ambayo mtu huyo amekiuliza kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Mfano wa pili unapendeza zaidi. Tarehe 13 Februari 1997 meli iitwayo Tokio Express ilipigwa na wimbi kubwa karibu na Cornwall, Uingereza, na makasha 62 yakaanguka baharini. Kasha moja lilikuwa na vipande vya LEGO karibu milioni 5. Hadi miaka hii watu hutembea ufukoni wakiviokota. Kwa mujibu wa orodha ya shehena, majoka meusi yalizidi 33,000, lakini pweza walikuwa 4,200 tu. Kwa hiyo anayeokota pweza hufurahi kuliko anayeokota joka. Hakuna aliyewafundisha watu hao hesabu za uwiano. Wamezijua kwa kuinama na kuokota.

Mtoto wa Sirari anafanya jambo lilo hilo. Kijiji chake kiko mpakani, na ng'ambo ni Isebania, Kenya. Visoda vya vinywaji vinavyouzwa kila duka havimtikisi. Kisoda cha ng'ambo chenye rangi ambayo wenzake hawana ndicho anachokifunga katika pindo la shati. Mwenzake akikitaka, atatoa vitatu au vinne vya kawaida, na mapatano hayo hufanyika kwa makini kuliko zoezi lolote la ubaoni.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe la ufundishaji. Kuhesabu na kupambanua ni kazi mbili tofauti, tena zinazovutana. Tunaposema "visoda saba", tumekubali kutojali kwamba kimoja kina kutu, kingine kimepinda na cha tatu ni cha kijani. Kuhesabu hudai tofauti zisahauliwe. Kupambanua hudai zionekane. Kopo la visoda la mwalimu limeandaliwa kwa kazi ya kwanza tu, ndiyo maana tunapenda visoda vifanane. Lakini mtoto ambaye hajapewa nafasi ya kuona kwamba hiki si kile, atakubalije kwa akili yake, si kwa hofu, kwamba hiki na kile ni viwili?

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, aliwaonyesha watoto shanga za mbao, nyingi za kahawia na chache nyeupe, kisha akawauliza kama shanga za kahawia ndizo nyingi zaidi au shanga za mbao. Watoto wengi ambao hawajafika miaka saba hivi hujibu kwamba za kahawia ndizo nyingi, ingawa zote ni za mbao. Mwanachuo aweza kulifanya jaribio hilo bila senti moja. Aweke mezani visoda saba vyekundu na vitatu vya kijani, aulize: "Visoda vyekundu na visoda vyote, vipi ni vingi?" Akipata jibu lisilo sahihi asikemee. Amegundua kwamba mtoto huyo bado hajaweza kushika fikirani sehemu na jumla kwa pamoja, na kwamba kumkimbiza kwenye kujumlisha ni kumjengea ukuta bila msingi. Dawa yake ni kumpa vipande avigawe, avichanganye, avigawe tena kwa njia nyingine.

Watoto wa wilaya zetu hawatoki nyumbani wakiwa watupu katika jambo hili. Anayekua katika boma la ng'ombe hujifunza mapema kumtambua mnyama kwa rangi, mabaka na pembe. Jioni huona kwamba fulani hayupo kabla hajajua jumla yao. Akifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya kijito, huwafinyanga mmoja mmoja, na huyu huwa na pembe zilizopinda kwa sababu yule wa nyumbani amepinda pembe. Shule inamwambia achore ng'ombe watano wanaofanana ili ajumlishe na watatu. Tunamrudisha nyuma, halafu tunasema watoto wa wafugaji ni wazito wa hesabu!

Kuna faida nyingine ambayo twaiona kubwa zaidi, nayo ni lugha. Wengi wa watoto hawa huingia shule wakisema Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kijaluo, na Kiswahili ni kigeni kwao. Mtoto aliyenyamaza majuma matatu hufumbua kinywa anapoulizwa habari za kitu chake mwenyewe. Na kila kipande huleta upatanisho wake wa kisarufi: kisoda hiki, gololi hii, jiwe hili, mfupa huu, ufunguo huu. Mtoto wa Kikuria ana ngeli katika lugha ya mama, kwa hiyo hupata pa kushikilia. Kijaluo si lugha ya Kibantu na hakina mpango huo wa ngeli, basi mtoto wake anahitaji subira zaidi na vitu vingi zaidi vya kushika mkononi. Ukimwambia achague kati ya "hiki changu" na "hii yangu" huku kisoda na gololi viko mbele yake, umefundisha sarufi bila kuitaja.

Tunajua yatakayosemwa. Litatajwa kwanza darasa lenye watoto mia. Katika mkoa huu huu, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na tangu hapo mwalimu wa Tanzania ameuzoea wingi. Lakini wingi ndio hasa unaotudai tutumie vya watoto wenyewe, kwa maana hakuna mwalimu awezaye kutengeneza zana mia kwa usiku mmoja. Litatajwa pia kwamba gololi huleta ugomvi na kamari. Ni kweli, zikiwa uwanjani. Zikiwa mezani, na kila moja ina mwenyewe anayejulikana, ugomvi hupungua. Shaka yetu kubwa ni mtoto asiye na kitu, kwa kuwa asiyekuwa na gololi asije akajiona maskini mbele ya wenziwe. Ndiyo sababu tunashauri vitu vya kuokota vipewe nafasi sawa na vya kununua: jiwe la mto Mara au la Grumeti halina bei dukani.

Hata hivyo mwalimu asipokee kila kitu. Betri zilizopasuka, sindano, vioo na maganda ya risasi vikataliwe mara moja. Kwa shule za Serengeti tunaongeza jino, ukucha, pembe au ngozi ya mnyama wa porini. Hizo ni nyara za Serikali, na kuzimiliki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtoto aelezwe jambo hilo kwa upole, na mwalimu mkuu aarifiwe.

Kuhusu utendaji tutasema machache, kwani kila mwanachuo atalitengeneza andalio lake la somo kulingana na darasa alilopewa. Trei tupu ya mayai huombwa dukani bure, nayo ina mashimo 30, matano kwa sita. Watoto 30 waweke kila mmoja kipande chake, na kundi jingine lipate zamu siku ifuatayo. Mtoto aseme kipande chake ni nini, alikipata wapi, na kinatofautianaje na cha jirani yake. Baadaye wavihamishe: safu ya vya chuma, safu ya mbegu, safu ya mawe. Mtu atauliza kisoda chenye sifongo ndani kiende wapi, na hapo mwalimu asikimbilie kuamua. Abishane nao kwanza. Siku ya tatu ndipo waanze kuhesabu mashimo yaliyojaa na yaliyo wazi.

Jina la mwenye kitu liandikwe kwa penseli kando ya shimo lake, hata kama bado hawezi kulisoma. Ijumaa vitu virudi mifukoni mwa wenyewe, maana tukivizuia vyote stoo, Jumatatu hawataleta vingine.