Godoro la Futi Mbili na Nusu si la Watu Wawili

Bumu likiingia, biashara mbili huchangamka kuzunguka chuo: chipsi na magodoro. Chipsi tuziache. Nimesimama mara nyingi pale barabarani nikiwasindikiza wenzangu kununua godoro, na nimeona tunavyochagua. Mtu anabonyeza kwa kiganja mara mbili, anauliza rangi nyingine ipo, anaomba apunguziwe, anaita bajaji. Kipimo kinatajwa mwisho, tena na muuzaji.

Wanachuo wenzangu, tunalala juu ya kitu hiki miaka mitatu au minne. Simu tunaichunguza wiki nzima kabla ya kuinunua.

Tuanze na hesabu. Vipimo vya mitaani vinajulikana: 2.5 kwa 6, 3 kwa 6, 3.5 kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Angalia vizuri hiyo namba ya pili. Haibadiliki. Mtu mrefu anaambiwa anunue 6 kwa 6 "ili ajinyooshe", anaongeza hela nyingi, anafika nyumbani na miguu bado inaning'inia. Amenunua upana, urefu ni uleule wa futi 6, yaani sentimita 183. Godoro linatakiwa likuzidi urefu kwa sentimita 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo ukivuka sentimita 173 tayari unaanza kubanana nalo. Wachezaji wetu wa kikapu wanajua ninachosema. Kwao kuna njia mbili: kuagiza sponji ikatwe kwa kipimo chao na kitanda kichongwe kwa fundi, au kununua hilo 6 kwa 6 na kulala mshazari, maana kutoka pembe hadi pembe linafika kama futi 8 na nusu. Ila ukilala mshazari, lala peke yako.

Upana una jaribio rahisi ambalo halihitaji tepu. Lala chali, weka mikono nyuma ya kichwa, viwiko vitanue. Viwiko vikitokeza nje ya godoro, godoro ni jembamba kwako. Ukifanya hivyo kwenye 2.5 kwa 6 ya hosteli utaona viwiko vyote viwili viko hewani, na huo ni mwili wa mtu mmoja.

Nenda sasa kwenye mageto ya nje ya chuo. Huko ugonjwa ni wa upande wa pili. Kijana amepanga chumba cha futi 10 kwa 10, kitu cha kwanza anachoingiza ni 6 kwa 6. Futi 36 za mraba kati ya 100 zimekwisha, na hapo sijahesabu mbao za kitanda. Ndoo, jiko la gesi, begi na viatu vinagombea kilichobaki. Meza haina pa kukaa. Kwa hiyo anasomea kitandani, anakula kitandani, wageni wanakaa kitandani, na usiku akitaka kulala anashangaa usingizi hauji. Utaujuaje mwili wako kwamba sasa ni kulala, wakati hapohapo saa moja iliyopita mlikuwa mnabishana mpira watu watano? (Wapo walionunua 5 kwa 6 kwa sababu zao, na sababu hizo tunazijua, siwasemi.)

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wetu hawatakuambia. Bei ya godoro la sponji inafuata sana kiasi cha sponji kilichomo. Chukua 6 kwa 6 ya inchi 4. Ina futi 12 za ujazo. Chukua 4 kwa 6 ya inchi 6. Futi 12 zilezile. Chukua 3 kwa 6 ya inchi 8. Futi 12 tena. Kama sponji ni ya aina moja, umenunua mali ileile imekatwa kwa maumbo matatu. Na mimi nimewahi kukaa kwenye hiyo 6 kwa 6 ya inchi 4 ya jamaa mmoja mwenye geto lake: ni pana kama uwanja, lakini ukikaa pembeni unahesabu chaga moja baada ya nyingine. Anayelala ubavu ndiye anaumia zaidi, kwa sababu uzito wote unaangukia bega na nyonga. Kama unalala peke yako, mimi sioni hoja ya kuzidi 4 kwa 6. Hela iliyobaki ipeleke kwenye unene na kwenye sponji nzito.

Sponji nzito ndiyo ile wanayoiita haidensiti. Maana yake ni kilo ngapi za sponji zimo kwenye ujazo uleule; haihusiani na ugumu unaousikia ukibonyeza dukani. Magodoro mawili yanaweza kuwa sawa kwa futi na inchi na moja likawa jepesi kama mfuko wa pamba. Hilo jepesi ndilo linalochimba shimo katikati baada ya semista mbili. Yanyanyue yote mawili kabla ya kulipa. Kiganja kinadanganyika, weka goti, uzito wako wote uende hapo, uone kama linagusa chini. Na nenda na tepu, hata ya fundi cherehani, maana nimeshuhudia "inchi 6" iliyopimwa ikaja inchi 5 na kidogo.

Hayo ni ya mageto. Kilichonifanya nishike kalamu kiko hosteli.

Neno kubebana halihitaji kamusi hapa. Mwenye nafasi ya chumba anambeba asiye na nafasi, wanagawana kitanda. Sababu zake zinajulikana: vitanda ni vichache kuliko watu. Hata pale zinapojengwa hosteli kubwa, kama zile za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizozinduliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, chuo chenyewe kina maelfu mengi zaidi ya hao. Mwingine hana mkopo kabisa. Mwingine anao, lakini ile shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi ikishagawanywa, chumba cha nje hakimo. Kwa hiyo sitamlaumu anayebebwa, wala anayebeba. Huyu wa pili nadhani ni mtu mwema kuliko wengi wetu.

Lakini tupige hesabu kwa uaminifu. Futi 2.5 ni sentimita 76. Gawa kwa mbili: 38. Chukua rula ya darasani ya sentimita 30, ongeza vidole vinne, hapo ndipo binadamu mzima anapolala. Godoro la kitanda cha mtoto mchanga huwa na upana wa kama sentimita 60. Yaani watu wawili wakilala hata kwenye 4 kwa 6, kila mmoja anapata upana wa mtoto mchanga, na wakilala kwenye godoro letu la hosteli hawapati hata huo. Kila mmoja apate nafasi anayoipata mtu mmoja kwenye kitanda cha hosteli, ingehitajika 5 kwa 6, na hiyo haiingii kwenye dabodeka.

Mwaka wa pili chumbani kwetu tulikuwa na vitanda vinne na watu sita. Mmoja wa waliobebwa alikuwa mwenzangu wa kozi, jamaa mpole, mrefu. Mwanzoni walilala mzungu wa nne na aliyembeba, kichwa huku, miguu kule. Haikusaidia, kwa sababu mabega yanahama lakini miguu ya mwenzako sasa iko usoni. Wakaanza kulala kwa zamu. Mmoja anakwenda maktaba au anajisomea koridoni mpaka saa nane usiku, anarudi kumgusa mwenzake bega, wanabadilishana. Kila mmoja alikuwa anapata saa nne hivi. Mtu mzima anatakiwa apate saa saba au zaidi, na hilo tumefundishwa wenyewe kwenye saikolojia ya elimu, pamoja na kwamba usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Kipindi hicho kilikuwa cha saa moja asubuhi. Jamaa alikuwa amelala mstari wa nyuma, mdomo wazi, na mhadhiri alimtoa nje. Hakujitetea. Angesema nini, kwamba zamu yake ilianza saa nane?

Sisi tunakwenda kuwa walimu. Mwanafunzi akisinzia mbele yangu, nitajiuliza kwanza analala wapi na na nani, kabla ya kumsimamisha.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye shule za sekondari jambo hili limeshaandikwa. Wengi wetu tulipopangiwa kidato cha tano bweni, fomu ya kujiunga ilitaja waziwazi: godoro la futi 2.5, pamoja na shuka na chandarua. Mzazi alijua anunue nini. Fomu niliyopewa na chuo ilisema "vifaa vya malazi", basi. Matokeo yake kila Oktoba au Novemba unaona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameshuka na 3 kwa 6 au 3.5 kwa 6 kutoka Kigoma, limefungwa kamba juu ya basi, amelilipia mzigo, na fremu ya chuma ya hosteli ni futi 2.5. Analikunja pembeni kama mashua, au analiuza hapohapo kwa bei ya huruma na kununua jingine kwa bei ya getini. Mwingine anapewa kitanda cha juu na godoro lake ni inchi 8. Uzuri wa godoro hilo unamwinua mpaka kile chuma cha kuzuia asianguke kinabaki kama pambo. Kitanda cha juu, inchi 4 mpaka 6 zinatosha.

Mstari mmoja tu kwenye fomu ungemaliza haya: upana wa fremu, urefu wake, na unene usiozidi kiasi gani kwa kitanda cha juu. Waziri wetu wa malazi anaweza kwenda na tepu kila hosteli Jumamosi moja na kumaliza kazi kabla ya mchana. Nimejitolea kumshikia upande wa pili.

Kuhusu kubebana, najua nitakalosema halitawafurahisha wasimamizi. Sheria zinakataza, na sheria hazijaongeza kitanda hata kimoja. Mpaka vitanda vipatikane, nafuu anayebebwa awe na godoro lake la 2.5 kwa 6, inchi 4, la kukunja mara tatu, linaloingia chini ya dabodeka asubuhi na kutandikwa sakafuni usiku. Sakafuni peke yako, na mkeka chini kuzuia ubaridi, ni bora kuliko sentimita 38 juu ya chuma. Wapo watakaosema kulala chini ni kudhalilika. Mimi nimemwona mtu akiamshwa saa nane usiku ili apishe, na nimeshachagua upande.

Magodoro hayo yatoke wapi, wakati anayebebwa ndiye asiye na hela? Yapo. Kila mwaka wa tatu wanapomaliza, korido zinajaa magodoro ambayo hakuna anayetaka kuyapandisha basi. Mengine yanauzwa kwa bei ya soda mbili, mengine yanatupwa nyuma ya jengo na kunyeshewa. Serikali ya wanafunzi iyakusanye, iweke chumba kimoja, iyaazimishe kwa kitambulisho na kuyapokea mwisho wa mwaka.

Tatizo ni kunguni, nalijua, na tusilifiche. Kunguni hukaa kwenye mishono na pembe za kava, na kuanika juani siku moja hakutoshi, kwa sababu wanahamia upande wa kivuli na kusubiri. Kwa hiyo godoro likipokelewa, kava livuliwe lichemshwe, mishono ikaguliwe kwa tochi, sponji ipuliziwe dawa na kufungwa kwenye nailoni kwa muda kabla ya kuazimishwa. Lenye shimo katikati lisipokelewe kabisa. Na anayemaliza mwezi wa saba, tafadhali, kama lako lina wadudu liandike kwa maka penu, herufi kubwa, kabla hujaliacha koridoni.