Picha Zimefika, Majina Yamebaki Njiani

Mwaka jana tulimzika senge wangu, yaani dada ya marehemu baba, huko kwetu Bungoma. Siku mbili kabla ya mazishi nilipigiwa simu hapa Kitale ninakoishi, nikaambiwa: "Wewe ndiwe mweka picha za ukoo. Tuletee ile ya senge akiwa msichana, itiwe katika kijitabu cha mazishi." Nikajibu kwa majivuno kwamba wasiwe na shaka, picha itafika kabla jua halijatua. Kumbe nilikuwa najidanganya!

Picha yenyewe niliipata mara moja. Wasichana watatu wamesimama mbele ya pazia la studio moja ya mjini Kitale, katika miaka ya sitini, kila mmoja na gauni la maua na mkono kiunoni. Wote wembamba, wote wamekunja uso kwa ukali wa taa. Lakini senge ni yupi? Majina niliyokuwa nimeyaandika juu ya kila uso katika tarakilishi hayakuwapo. Nikafungua picha ya pili, ya tatu, ya ishirini. Picha zote 312 zilikuwapo, na jina hata moja halikuwapo.

Mchapaji alikuwa akingoja. Nikabahatisha. Nikachagua yule wa katikati, nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma, na vijitabu 200 vikachapishwa usiku ule ule.

Siku ya mazishi akaingia hemani mama mmoja mzee, binti wa amu yake marehemu, aliyeolewa upande wa Mbale, Uganda. Akapewa kijitabu. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaniita karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mbona mmenizika nami ningali hai?" Ndugu msomaji, sijapata kuona aibu kama ile. Wazee walinong'ona kwamba ni uchuro. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa nieleze jinsi mambo yalivyoharibika, maana najua si mimi peke yangu. Mwaka wa 2017, wakati wa likizo ya Krismasi, niliketi na mama jioni kumi na moja mfululizo. Nilikuwa nimezitia picha za mkebe wa baba ndani ya tarakilishi, na mama akawa ananitajia watu mmoja mmoja. Huyu ni fulani, aliyetuuzia ng'ombe wa kwanza tulipohamia shamba la Kitale. Huyu ni fulani, aliyetahiriwa mwaka mmoja na baba yako. Kila alipotaja, nami niliandika jina juu ya uso. Miaka miwili baadaye mama akafariki.

Baada ya hapo nilinunua tarakilishi mpya. Mpwa wangu akazihamisha picha kwa flashi, folda nzima nzima, akaniambia, "Mjomba, zote zimefika." Nikahesabu, nikaona kweli zimefika. Ile tarakilishi ya zamani ikasafishwa kabisa, akapewa mtoto wa jirani aitumie kwa masomo. Sikujua kwamba humo ndimo sauti ya mama ilimokuwa imebaki.

Ukweli ni kwamba programu nyingi za kupangia picha haziandiki majina ndani ya picha. Huyaandika katika daftari lao wenyewe, lililofichwa pengine ndani ya mashine, na daftari hilo husema tu: picha fulani, iliyo katika folda fulani, uso wa kushoto ni wa fulani. Ukiichukua folda kwa mkono na kuipeleka kwingine, daftari linabaki nyuma likielekeza kidole mahali patupu. Programu ya upande wa pili huzipokea picha zile kama wageni waliofika bila barua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Kosa langu ni kuliweka mbali na mali.

Wazee wetu hawakufanya kosa hili. Picha za mkebe zilizoandikwa, ziliandikwa mgongoni. Ukimpa mtu picha, umempa na jina. Haiwezekani picha ikaenda Mbale na mgongo wake ukabaki Bungoma. Nendeni pia katika Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka wa 1974 na ambalo chanzo chake ni mkusanyiko wa Mwingereza Hugh Stoneham, aliyefariki mwaka wa 1966. Bwana huyo alikuwa mpenzi wa vipepeo na wadudu. Wataalamu wa kazi hiyo wana kanuni moja: kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata mdudu hudungwa kwa pini ile ile iliyomdunga mdudu. Mdudu akihamishwa sanduku, kikaratasi huhama naye. Mdudu asiye na kikaratasi hana faida kubwa kwa mwanachuoni, hata awe mzuri namna gani. Je, nondo awe na heshima kuliko nyanya yako?

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Katika vitabu vingi vya enzi za ukoloni utaona picha ambayo Mzungu aliyeketi ametajwa jina na cheo chake, na Waafrika waliosimama nyuma yake hawakutajwa. Wameitwa "wenyeji" tu. Sisi Wabukusu tuliitwa Kitosh, jina ambalo hatukujipa. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini leo kalamu iko mikononi mwetu, kamera iko mifukoni mwetu, na sisi wenyewe tunawaacha babu na nyanya zetu wawe "wenyeji" katika albamu zetu! Kosa la mgeni tulilitambua, na letu je?

Na hili ni ajabu kwa watu wenye desturi kama zetu. Akifariki mzee mwenye hekima, Wabukusu humwita mswala kumuse, naye husimama mbele ya watu siku chache baada ya mazishi na kutaja koo, vizazi, vita na uhamaji, pasipo karatasi. Mtoto akizaliwa, hupewa jina la jamaa aliyekwisha kufa, ili jina lisizimike. Jamii inayothamini jina kiasi hicho inawezaje kutunza sura na kutupa jina?

Vijana huniambia, "Mzee, usihangaike, mashine za siku hizi zinatambua nyuso zenyewe." Ni kweli, zinaweza kukuambia kwamba uso huu na ule ni wa mtu mmoja. Lakini mtu huyo aliitwa nani? Mashine haikuwapo katika studio ile ya miaka ya sitini. Itajua jina pale tu binadamu atakapoitajia, na binadamu wenyewe wanapungua kila mwaka. Wala tusitegemee kwamba programu tuliyoizoea itadumu. Google iliacha kuitunza Picasa mwaka wa 2016, ingawa watu wengi walikuwa wamepanga humo picha zao za miaka mingi. Kampuni hufuata biashara yake. Ukoo ni wako wewe.

Basi tufanyeje? Sisemi tuache tarakilishi turudi kwenye mikebe. Mikebe nayo huliwa na kutu. Nasema kabla ya kuhamisha picha, itafute katika programu yako amri ya kuandika majina ndani ya picha zenyewe. Programu nyingi zinayo, ila haifanyi kazi mpaka uiwashe. Kisha hamisha picha mbili au tatu kwanza, uzifungue katika mashine nyingine, uone kama majina yamefuata. Usiifute mashine ya zamani mpaka umehakikisha. Ukimtumia ndugu picha kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha ya kawaida, maana njia ya kawaida huondoa maelezo yaliyomo ndani yake. Na juu ya hayo yote, andika orodha kwenye karatasi, ukianza kushoto kwenda kulia, uiweke pamoja na vyeti vya shamba. Picha za karatasi ziandike mgongoni kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya na kuchafua.

Haya yote hayagharimu kitu. Mazishini tunachanga fedha za hema, vyombo vya muziki, fulana zenye sura ya marehemu na vijitabu vya rangi. Hatukatai kutoa. Lakini ni nani aliyetenga jioni moja, marehemu akiwa hai, akaketi naye na albamu na kumuuliza, "Huyu ni nani?" Jioni moja tu, na kikombe cha chai! Tunatumia maelfu kuichapa sura, na hatutumii saa moja kuuliza jina.

Mpwa wangu nilimkemea vikali, na leo namwomba radhi mbele ya wasomaji. Yeye aliambiwa ahamishe picha, akahamisha picha. Mimi ndimi niliyepewa majina na mama, na ndimi niliyepaswa kuuliza yamewekwa wapi.

Yule mama wa Mbale alinisamehe. Alikaa nasi siku nne baada ya mazishi, nami nikamletea picha zote. Alitambua watu 47. Kwa wengine alitikisa kichwa tu na kusema, "Huyu mama yako angemjua." Yale 47 nimeyaandika ndani ya picha na kwenye karatasi, mpwa wangu akiwa shahidi. Katika ile picha ya studio, senge ndiye wa kulia. Wa katikati twamjua sasa, naye ameahidi kurudi mwezi wa Desemba. Wa kushoto hakuna tena amjuaye.