Wanaokwenda Jinja Wauulize Mto Kwanza

Likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia, walimu na wafanyakazi katika shule na ofisi zetu huanza kuchangishana fedha za safari. Zamani safari hizo ziliishia Bagamoyo au Mikumi. Siku hizi wapo wanaotazama mbali zaidi, na mahali pamoja wanapopataja ni Jinja, nchini Uganda, ambako Mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria, na ambako tangu miaka ya 1990 watu wamekuwa wakilipa ili kuteremshwa katika maporomoko kwa boti za mpira. Twaliunga mkono jambo hili bila kusita. Mfanyakazi aliyeutumikia umma mwaka mzima anastahili mapumziko, wala haikuandikwa popote kwamba mito ya Afrika ya Mashariki ni ya wageni kuichezea na ya wenyeji kuitazama kutoka darajani.

Ila upo mtindo wa kupanga safari hizi ambao hatuna budi kuukemea. Kamati nyingi huanza na fulana. Rangi ya fulana hujadiliwa mikutano miwili, na maandishi ya mgongoni mkutano wa tatu. Kisha huja basi, kisha chakula, kisha nani atapiga picha. Mto wenyewe huulizwa siku ya mwisho, pale pale ukingoni, wakati kila mtu amekwisha kulipa na hakuna awezaye kurudi nyuma bila kuchekwa na wenzake. Huo ni mpango uliosimama kichwa chini. Basi likiharibika watu watachelewa. Lakini mtu akiingizwa katika maji yasiyomfaa, huenda asirudi kwao. Mwalimu anayekubali kuwa katibu wa safari ya wenzake 30 amepokea dhamana ya roho 30, na dhamana hiyo haianzi kando ya mto. Inaanza siku anapofungua daftari la michango.

Basi ni mto wa namna gani huo? Mahali hapo Nile ni mkubwa kwa kadiri ambayo mtu aliyezoea mito yetu ya kuvuka kwa mawe hawezi kuikisia. Kwa kawaida hupita kiasi cha mita za ujazo 1,000 kila sekunde, yaani uzito wa tani 1,000 za maji katika sekunde moja. Kwa kuwa maji hayo yanatoka ziwani, hayakauki kiangazi. Katika jambo hili Nile ni tofauti na Tana pale Sagana, Kenya, ambako boti hutegemea mvua na miezi mikavu mawe hutokeza. Ni tofauti pia na Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria, ambako mafuriko ya Aprili huyafanya maporomoko ya korongoni yasipitike, na wasafiri hungoja maji yapungue, kuanzia Agosti hivi. Jinja mtu aweza kwenda mwezi wowote. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya sifa yake.

Walakini asije mtu akadhani kwamba mto unaotiririka mwaka mzima ni mto usiobadilika. Maji ya Nile hapo Jinja hayajiendei yenyewe. Yanafunguliwa kwa milango. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka sana kwa ukame na kwa kutolewa maji mengi kupita kiasi. Mwaka 2020 lilipanda likavuka hata kiwango kilichokuwa kikisimuliwa tangu mwaka 1964, na ilibidi milango ifunguliwe zaidi. Hata katika siku moja, maji yaliyo chini ya bwawa hupanda na kushuka kufuatana na umeme unaohitajiwa mijini. Poromoko lililokuwa la kuchezea jana laweza kuwa jambo jingine leo. Kwa hiyo swali la kwanza la katibu wa safari kwa kampuni ya boti lisiwe bei. Liwe hili: wiki tutakayokuja, maji yatakuwaje, na yakizidi mtatupeleka wapi badala yake?

Hapa yafaa tueleze kidogo historia, maana wapo watakaokwenda na kitabu cha zamani mkononi wakayatafuta maporomoko yasiyokuwapo tena. Mwaka 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika penye maporomoko ya mlango wa mto, akayabandika jina la Ripon, kana kwamba Wasoga walioishi hapo hawakuwa na jina la mto wao. Maporomoko hayo yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa. Bwawa hilo lilifunguliwa mwaka 1954, na leo linaitwa Nalubaale. Likafuata Bujagali, megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012. Maporomoko ya Bujagali, ambapo safari za boti zilikuwa zikianzia na ambapo Wasoga wanaamini ni maskani ya mzimu Budhagali, yakafunikwa. Mahali pa kuanzia pakahamishiwa chini ya bwawa. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183, mbele zaidi mtoni, na maji yake yakarudi nyuma na kufunika maporomoko mengine tena. Kipande kilichobakia kati ya mabwawa haya mawili ndicho anachokiuza leo kila mwenye boti Jinja.

Hatusemi kwamba mabwawa hayo yasingejengwa. Miaka ile kabla ya Bujagali, Waganda waliishi kwa mgawo wa umeme, na kila Mtanzania anayekumbuka mgawo anajua maana yake kwa hospitali, kwa kiwanda, na kwa mwalimu mwenye madaftari 60 ya kusahihisha usiku. Sisi wenyewe tumejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, megawati 2,115, tukaanza kulijaza Desemba 2022, na tulilijenga huku wengi walio mbali wakitupigia kelele. Hatuwezi kugeuka leo tukawalilia wenzetu wa Jinja eti wimbi lao la kuchezea limezama.

Lakini lipo jambo jingine, nalo lawahusu hasa wasomaji wa ukurasa huu. Katika mapatano ya mwaka 2007 na Benki ya Dunia juu ya Bujagali, Serikali ya Uganda iliahidi kwamba maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini ya Bujagali, yatahifadhiwa yasijengwe bwawa la umeme, yawe fidia ya yale yatakayozama. Ilikuwa ahadi ya maandishi. Hata miaka haikuwa mingi, Isimba likapangwa na kujengwa, na maji yake yakaingia katika eneo lile lile la fidia, hata ikabidi mapatano yenyewe yarekebishwe. Pengine kila hatua ilikuwa na hoja yake. Nchi ilihitaji umeme, na mpangaji mezani aliona ramani, aliona megawati, aliona mkopo. Ambacho hakukiona kwa uzito unaostahili ni kijana wa kijijini ambaye amejifunza kazi ya kuongoza boti, anayelisha wazazi na kusomesha wadogo zake kwa poromoko moja. Riziki hiyo haimo katika hesabu ya megawati, na kwa kuwa haimo, ilionekana haipo.

Twasema haya kwa sababu mtumishi wa serikali anayekwenda Jinja kustarehe ni yule yule atakayerudi ofisini kukaa katika kikao cha kupanga mto mwingine, pengine wa kwetu. Akae ukingoni pa Kalagala aangalie kwa macho yake. Aone kilichobaki, awaulize wanaofanya kazi hapo kilichoondoka, na akirudi ajue kwamba karatasi ya fidia aliyoipitisha ina watu ndani yake. Anayeahidi kuhifadhi poromoko moja ili azamishe jingine, ameweka rehani. Rehani hailiwi mara mbili.

Turudi kwenye safari. Ugumu wa maporomoko hupimwa duniani kote kwa madaraja, kuanzia la 1, ambalo ni maji yanayotembea tu, mpaka la 6, ambalo hata mabingwa huliepuka. Jinja yapo maporomoko ya daraja la 5, na yapo Itanda, ambako vikundi hushuka na kupita kwa miguu ukingoni, boti ikibebwa, kuikwepa sehemu iliyo mbaya kabisa. Mtu asione haya kupita kwa miguu. Viongozi wanaoujua mto ule tangu utoto hupita kwa miguu. Yapo pia maji mapole, ambako familia nzima yaweza kuelea nusu siku ikitazama ndege. Kamati yenye busara haiandikishi watu wote safari moja. Huwagawa: wanaotaka maji makali upande mmoja, wanaotaka maji mapole upande wa pili, na wanaotaka kukaa kivulini na kuchoma ndizi wasisemwe.

Katika kugawa huko kila mmoja aulizwe faraghani, si mbele ya kadamnasi. Je, wajua kuogelea? Una moyo, pumu, kifafa, mimba, bega lililowahi kuteguka? Mkuu wa shule hatasema mbele ya walimu wake kwamba anaogopa maji. Atapanda boti, na hofu yake atapanda nayo. Asiyejua kuogelea si kwamba hana nafasi kabisa, maana jaketi la kuokolea humwelesha kila mtu. Lakini kiongozi wa boti lazima ajue habari zake kabla, na poromoko la daraja la 5 si mahali pa kwanza pa kujuana na maji.

Kwa wale wanaotamani kayaki, mtumbwi ule mwembamba wa mtu mmoja, neno letu ni fupi. Hiyo si safari ya siku moja. Mwanafunzi hutumia siku nzima na zaidi katika maji yaliyotulia akijifunza kujiinua mtumbwi unapopinduka kichwa chini. Asiye na siku hizo apande boti ya mpira.

Boti moja huchukua watu saba au wanane wenye makafi, na kiongozi nyuma. Itapinduka; Jinja kupinduka ni sehemu ya mchezo, na kampuni njema haimfichi mtu. Kwa hiyo katibu aulize kama kila kundi litafuatana na waokoaji wa kayaki, kama zipo kamba za kurushia, kama kila mtu atapewa kofia ngumu na jaketi linalomkaa. Jaketi hujaribiwa kwa kumshika mtu mabegani na kulivuta juu: likipanda mpaka masikioni, halijafungwa. Anayeanguka alale chali, miguu imetangulia kule mto unakokwenda, vidole vikionekana juu ya maji, wala asithubutu kusimama penye mkondo wa nguvu hata akigusa chini. Mguu hunasa kati ya mawe, na mkondo humlaza mtu kifudifudi asiinuke. Haya hufundishwa ukingoni kabla ya safari kwa muda mfupi, na wakati huo ndipo baadhi yetu hupigana picha. Tena wapo wanaokesha usiku wa kuamkia safari na bia yenye jina la mto huo huo, asubuhi wakidhani upepo utawalevua. Katibu awe na ujasiri wa kuwaacha hotelini na fedha yao isirudishwe.

Kuna karatasi ambayo kila msafiri husaini akikiri kwamba anajua hatari anayoiingia. Ajabu ni kwamba watu wanaosoma nyaraka na mihtasari kila siku ya kazi huisaini karatasi hiyo juu ya bega la mwenzao bila kuisoma. Kamati iitake wiki kadhaa kabla, iisome kikaoni, iulize bima inalipa nini na inamlipa nani, na mtu akijeruhiwa atapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani. Kampuni inayokataa kujibu hayo kwa maandishi isipewe amana.

Mambo ya njiani ni mepesi. Jinja iko kandokando ya barabara kuu ya Nairobi na Kampala, kiasi cha kilometa 80 kabla ya Kampala kwa atokaye Kenya; wa Mwanza na Bukoba watapitia Mutukula. Hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano vishughulikiwe mapema. Miwani ifungwe kwa uzi.

Lililo zito zaidi huja baada ya kurudi, nalo husahauliwa na karibu kila kundi. Maji ya Ziwa Victoria na ya Nile hapo Jinja yana kichocho, na aliyeshinda siku nzima akimwagiwa maji hayo mwilini amejiweka karibu nacho. Ugonjwa hauonekani siku ile. Fulana itakuwa imekwisha kupauka, ndipo mtu anaanza kujiuliza uchovu huu umetoka wapi. Dawa ipo, prazikwanteli, na kwa kawaida daktari huitoa wiki kadhaa baada ya mtu kuingia majini, kwa kuwa haiwaui vizuri wadudu wakiwa bado wachanga. Tungependa kuona katika daftari la kila kamati, chini ya tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, tarehe ya tatu: siku ambayo wasafiri wote watakwenda zahanati kupimwa, na jina la atakayewakumbusha.