Ng'ambo Iliyo Karibu

Nafasi za masomo ya ng'ambo ambazo mataifa rafiki huwapa watumishi wa serikali yetu wanaosimamia misaada, ununuzi na afya ya jamii ni neema ambayo hapana mwungwana atakayeikana. Lakini neema hiyo, kwa jinsi igawanywavyo, aghalabu huwaangukia wenye vyeo ambao kazi yao haiwafikishi tena mbele ya kabati la dawa, na huwapita wale ambao kwa kalamu yao zahanati hupata dawa au huikosa. Mmoja hupelekwa Turin, Italia, kwenye chuo cha Shirika la Kazi Duniani ambako ununuzi wa umma hufundishwa kwa watu wa mataifa mengi. Mwingine hualikwa Japani kwa auni ya JICA, shirika la misaada la nchi hiyo. Mwingine huenda Kigali, kwenye kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichowekwa mahsusi kwa elimu ya chanjo na ugavi wa bidhaa za afya. Nadai hapa kwamba kwa wilaya za Mbinga na Nyasa, na hasa kwa vijiji vya ufuoni kutoka Chiwanda hadi Lituhi, ng'ambo iliyo bora kuliko hizo zote ni Malawi, upande wa pili wa ziwa letu la Nyasa, na kwamba mwenye haki ya kwanza ya kupelekwa huko ni tabibu au muuguzi anayeshika ufunguo wa stoo.

Haki hiyo haikutokana na huruma, bali imezaliwa na mageuzi ya serikali yenyewe. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri, na kwa kitendo hicho mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye chuoni alifundishwa kutibu homa na kufunga vidonda, aligeuka kuwa mnunuzi wa umma: ndiye anayefanya maoteo ya mahitaji, ndiye anayepeleka maombi Bohari ya Dawa, na bidhaa ikikosekana Bohari ndiye anayeanzisha safari ya kuitafuta kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, kwa utaratibu ulioanza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014 kisha ukaenezwa nchini. Juu ya hayo zimekuja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na mfumo wa kielektroniki wa ununuzi uitwao NeST, ambavyo hata afisa ugavi aliyeisomea kazi hiyo miaka mingi hana budi kuvisoma upya. Dhamana kubwa namna hii amekabidhiwa mtu ambaye, akiisha kuhudumia foleni ya asubuhi, hukaa jioni peke yake na leja na kadi za stoo.

Na taksiri inayotokea hapo si ya uvivu wala ya wizi, bali ni ya hesabu. Tuseme zahanati imetoa dozi 60 za dawa mseto ya malaria katika miezi 2, lakini mwezi mmoja kati ya hiyo miwili kabati lilikuwa tupu kabisa. Asiyefundishwa atagawa 60 kwa 2, aandike kwamba wastani wa matumizi ni dozi 30 kwa mwezi, na ombi lake litakwenda Bohari likiwa nusu ya haja ya kweli; dawa zitakuja nusu, zitakwisha mapema, kabati litakuwa tupu tena, na wastani wa safari ya pili utakuwa tena nusu ya haja. Hivyo uhaba huzaa uhaba, nao wakubwa wakisoma takwimu hizo ofisini watasema kwamba kijiji kile hakina malaria nyingi. Aliyefundishwa huondoa kwanza siku ambazo dawa haikuwapo, ndipo agawe. Ni somo la nusu saa, nami naamini kwamba limepoteza watoto wengi kwa kukosa mwalimu kuliko somo lolote kubwa linalofundishwa Ulaya.

Kipindupindu nacho huonyesha jinsi tiba na ununuzi visivyoweza kutenganishwa. Mgonjwa mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa maji kabisa hutakiwa kupewa mililita 100 kwa kila kilo ya mwili wake, yaani lita 5 za maji ya mshipani, katika muda wa saa 3. Wagonjwa 10 wakifika pamoja, kama inavyotukia katika kambi ya wavuvi, zinahitajika chupa 100 za nusu lita kabla jua halijazunguka. Zahanati iliyoagiza kwa kufuata matumizi ya mwezi uliopita haiwezi kuwa na chupa hizo. Sharti mtu awe amezikadiria wakati wa kiangazi, akazigharimia, akazipakia Mbamba Bay kabla bahari yetu hii ya maji baridi haijachafuka, na awe anajua pia kwamba klorini ya kunawia mikono huchanganywa kwa asilimia 0.05 na ile ya kumwagia sakafu kwa asilimia 0.5, ili ajue aagize ndoo ngapi za unga wake.

Sasa, ni nani aliyeyapitia haya kwa macho yake hivi karibuni kuliko majirani zetu? Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi wa Machi 2022 kiliwashika watu zaidi ya 58,000 na kuwaua zaidi ya 1,700, msiba mkubwa kuliko wowote wa maradhi hayo katika historia ya nchi hiyo, na wilaya za ufuoni, Nkhata Bay miongoni mwao, nazo ziliguswa. Chanjo nayo ilikuwa adimu duniani kote, hata mwezi wa Oktoba 2022 ikaamriwa kwamba kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Wauguzi waliosimama katika kambi za matibabu za wakati ule wanajua kilichokwisha kwanza, kilichochelewa njiani, na kilichoagizwa kwa wingi bila kutumika. Maarifa ya namna hiyo hayamo katika kitabu cha Turin. Kadhalika Malawi ina watumishi wa afya wa vijijini wanaolipwa na serikali, ambao tangu 2011 walianza kupeleka hesabu ya dawa zilizobaki kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Kwa mtu wa Ngumbo, ufuoni kwetu, jambo hilo lina manufaa kuliko mtambo wowote unaodai kompyuta na umeme usiokatika.

Wala kujifunza kutoka upande ule si jambo geni. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na kwa miongo mingi Liuli na ufuo wetu wote ulikuwa chini ya dayosisi ya upande ule, mpaka dayosisi ya Kusini Magharibi ya Tanganyika ilipoundwa mwaka 1952. Daktari Robert Howard, aliyefika Likoma mwaka 1899, alifundisha kwa mfano wake mambo ya mbu, vyandarua na mahali pa kujenga nyumba, na tiba yake ilisafiri kwa mashua kutoka ufuo hata ufuo. Lugha za ufuoni zimepakana, ndoa zimefungwa huku na huko, na dagaa huuzwa pande zote.

Nitaambiwa kwamba kuna mzozo wa mpaka, uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 na uliofufuka mwaka 2012. Mzozo huo una wasuluhishi wake, naye muuguzi anayejifunza kuchanganya klorini Nkhata Bay hahamishi mpaka. Nitaambiwa pia kwamba Malawi imeugua wizi wa dawa, hata wafadhili wakafikia hatua ya kuanzisha mkondo wao wa ugavi kando ya ghala la serikali. Ni kweli, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda: mtu hujifunza ulinzi wa ghala kwa yule aliyeibiwa. Tena nitakumbushwa amri ya Novemba 2015, Rais Magufuli alipozuia safari za nje zisizo na kibali. Amri ile iliokoa fedha, nami niliiona ya haki kwa wakati wake, lakini kuzuia safari hakumfundishi mtu maoteo.

Basi halmashauri za Nyasa na Mbinga zikae na wenzao wa Nkhata Bay na Likoma, kwa idhini ya wizara za pande zote mbili, na bajeti ya Julai iwe na kifungu cha safari hiyo. Mwezi wa Oktoba unafaa, kwa kuwa upepo wa kusi ambao wavuvi huuita mwera huwa umelegea, na maombi ya dawa za masika hayajafungwa. Wateuliwe kwanza waganga wafawidhi wa Chiwanda, Ngumbo na Lituhi pamoja na mmoja kutoka vilima vya Litembo, kila mmoja achukue leja yake mwenyewe ya mwaka mzima ili isomwe na wenyeji wake, na wakirudi wafundishe wenzao Liuli, ndani ya stoo yenye dawa, si katika ukumbi wa hoteli Songea. Mfamasia wa wilaya aende safari ya pili, baada yao.