Waraka wa Mama si Fimbo ya Mume

Hakuna mshairi wa mwambao huu aliyetajwa sana na kusomwa kidogo kama Mwana Kupona binti Mshamu. Jina lake hupita vinywani katika majilisi ya harusi, katika mawaidha na katika madarasa ya shule, na lipitapo hufuatana na beti zile zile chache: mke na amtii mume, amkande hata usingizi umchukue, asimwamshe, ampepee, ajipambe kwa ajili yake. Baada ya hapo utendi hufungwa. Bibi harusi huambiwa kwamba hayo ndiyo maneno ya wahenga. Na akirudi kwao miezi sita baadaye jicho limevimba, huambiwa yale yale mara ya pili.

Mazoea haya ni dhulma. Kwamba ni dhulma kwa bibi harusi, hilo halihitaji hoja. Kinachosahauliwa ni kuwa ni dhulma vilevile kwa mtunzi, ambaye amekatwa kichwa na miguu akabakishwa kiwiliwili, kisha kiwiliwili hicho kikasimamishwa mlangoni mwa nyumba za watu kama askari.

Utendi ulitungwa mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858. Mwenye kuutunga alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa amefariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki hasimu wake mkubwa, Seyyid Said wa Unguja. Katika miaka ya 1840 wawili hao walipigana, na majeshi yaliyotoka Unguja yalishindwa kuitiisha Siyu. Ya vita hivyo hayamo katika utendi. Lakini nyumba aliyokuwamo Mwana Kupona ilikuwa imevipitia. Aliye wa kuikinga amekwisha kuzikwa. Mwenye nyumba aliyebaki ni mgonjwa, naye hakuishi sana baada ya kutunga: inakadiriwa kwamba alifariki kiasi cha mwaka 1860. Mbele yake yuko binti, Mwana Hashima, bado mchache wa miaka.

Mtu akiyajua hayo ndipo aufungue utendi, na aufungue mwanzoni. Mama anamwita mwanawe amsogelee. Anamtaka atwae wino na karatasi. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika hata yametimiza mwaka, na muda wote huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Aliyewahi kukaa ubavuni mwa kitanda cha mgonjwa anaijua sauti hii. Ni sauti ya mtu anayehesabu pumzi, anayechagua katika mengi ya kusema yale ambayo yakikosa kusemwa leo hayatasemwa tena. Kisha anamwahidi hirizi ya kujikinga, na kidani cha lulu na marijani. Na hirizi hiyo na kidani hicho ni maneno yenyewe. Mizani minane kwa kila kipande, vipande vinne kwa kila ubeti, beti zipatazo mia: ndio urithi.

Kabla hajamtaja mume, mama anamtaka binti ashike dini, awe na adabu, auchunge ulimi, awe mkweli, asikae na wapumbavu wasiojua kujitunza. Na hata anapofika kwenye radhi ambazo mwanamke hana budi kuzipata, mume anakuja wa tano, nyuma ya Mungu, Mtume, baba na mama. Wale waliojitwika kazi ya kumhubiri Mwana Kupona humpandisha huyu wa tano akawa wa kwanza, na mara nyingine akawa wa pekee.

Haifai kudanganya kwa upande wa pili. Beti za mume zimo, tena ni nzito. Anasema kwamba Siku ya Kiyama mume ataulizwa atakalo juu ya mkewe, nalo litatendwa, iwe ni pepo au ni moto. Karibu na mwisho anawaita wanawake wote wausome utendi wake na wawatii waume zao, wasije wakapatwa na masaibu ya akhera na dunia. Anayetaka kumgeuza Mwana Kupona awe mpiganiaji wa haki za wanawake wa zama hizi atalazimika kuzifuta beti hizo, naye atakuwa amefanya kosa lile lile la mwenzake kwa mkono wa kushoto. Wako wataalamu waliousoma ule ubeti unaomtaka mke amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena, wakaona ndani yake kicheko cha mwanamke mwerevu. Huenda wameona kweli. Wagonjwa nao hucheka. Lakini kicheko kimoja hakifuti beti zilizobaki.

Jibu haliko katika kufuta. Jibu liko katika kusoma ubeti ambao hakuna mhubiri wa harusini anayethubutu kuusoma. Mwana Kupona anamwonya binti yake asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi, kwani watamvuta kwenye upotevu. Ubeti huo uko katika utendi ule ule, umetoka katika kalamu ile ile, umepimwa kwa mizani ile ile. Mbona hauhubiriwi? Kwa sababu utumwa ulikwisha kupigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na hakuna leo mwenye uso wa kusimama mbele ya watu akasema wajukuu wa fulani si wa kukaa nao barazani. Ubeti huo husamehewa kimyakimya. Husemwa, pale unaposemwa, kwamba mama alikuwa mtu wa zama zake na wa tabaka lake. Vyema! Basi ni nani aliyeamua kwamba ubeti wa mtumwa ni wa zama zake na ubeti wa mke ni wa milele? Mwana Kupona hakuugawanya utendi wake hivyo. Waliougawanya ni wenye faida na mgawanyo.

Liko na jambo la pili, na hili ndilo linalouma zaidi. Mama hakutoa nasaha za utii kutoka hewani. Anamsimulia binti ndoa yake mwenyewe: kwamba yeye na baba yake waliingia katika maisha kwa furaha na kicheko, wasivunjiane heshima siku zote walizokaa pamoja. Wasivunjiane, si kwamba yeye peke yake hakuvunja. Na ajali ilipofika, yule mume alimkariria radhi yake tena na tena. Sultani wa vita, ambaye majeshi ya Unguja yalimwogopa, anakumbukwa na mjane wake kwa vicheko vya nyumbani na kwa shukurani kitandani pa mauti. Nasaha zote za kukanda na kupepea zimesimama juu ya ushahidi huo. Ukiutoa ushahidi ukabakisha nasaha, umeng'oa nguzo ukabakisha dari, na anayeketi chini ya dari hiyo ni binti wa watu.

Mwanamume anayemnukulia mkewe Mwana Kupona hana budi kwanza kujiuliza iwapo mkewe anaweza kumsimulia mtoto wao ndoa yake kwa maneno kama yale. Ikiwa hawezi, utendi haumhusu yeye, na wala haumshuhudii. Tena aangalie aliyeitwa ni nani. Mwana Kupona alimwita bintiye, kisha akawaita wanawake wenziwe. Hakuna mahali alipowaita wanaume akawaambia: twaeni hii, mkawadai kwayo. Neno la mwanamke kwa mwanamke, ndani ya chumba cha mgonjwa, huwa na maana yake. Neno lilo hilo likitoka kinywani mwa anayefaidika nalo huwa na maana nyingine kabisa. Mtu anaweza kujifunga njaa kwa hiari akawa amefunga. Akinyang'anywa chakula hafungi, amenyimwa.

Si wenyeji peke yao walioukata utendi huu. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya kushukuriwa kwa mengi, lakini juu ya jalada waliandika kwamba hizi ni nasaha za Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Watu wa Lamu na Pate waliuita kwa jina la mtunzi tu, Utendi wa Mwana Kupona. Jina la mtunzi linauachia utendi upana wake wote. Jina la jaladani linauminya ukaingia katika chumba kimoja. Wasomi wengi waliofuata wameingia kwa mlango wa chumba hicho, wengine wakiusifu utii uliomo, wengine wakiulaani kwa kuwa ni mnyororo. Hao wanaolaani wamesoma vyuo, wana istilahi nyingi, na bado wamezisoma beti zile zile chache zinazosomwa na mhubiri wa harusini. Hasira yao ina haki. Usomaji wao hauna.

Linalodaiwa hapa si kubwa. Utendi usomwe mzima au usisomwe. Mwalimu anayeufundisha aanze na wino na karatasi na yale maradhi ya mwaka, asiukamate katikati. Somo anayemfunda mwari amwambie pia kwamba aliyetunga alikuwa amependwa. Na afike mwisho, pale ambapo mama amekwisha kumwusia mwanawe na anageuka kumwelekea Mungu. Anawaombea watoto wake na jamaa zake. Anajitaja kuwa mpweke mwenye huzuni. Kisha, baada ya nasaha zote hizo za namna ya kuwatumikia wengine, anaomba kitu kwa ajili ya nafsi yake: anaomba aondolewe maradhi, apone.

Beti hizo hazijasikiwa harusini.