Koki Ivujayo Bafuni



Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni koki ya bomba la mvua ambayo hata ikifungwa, maji huendelea kudondoka. Baba husema ataita fundi, mama huweka ndoo, watoto huzoea sauti ya matone. Na mwaka hupita.

Natupime kidogo. Wekeni chombo chini ya bomba kwa saa moja. Ikipatikana nusu lita, basi ni lita 12 kwa siku, na lita 360 kwa mwezi. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Kwa lita hizo 12 watu wawili wangetawadhia sala zao zote tano, na maji yangebaki.

Tena, katika nyumba ya wapangaji yenye mita moja, ankara hugawanywa kwa wote. Mwenye koki mbovu chumbani mwake huwalipisha majirani maji wasiyoyatumia. Hapo jambo si la bomba tu, bali ni la haki za watu.

Basi yapasa kwanza kujua panapovuja. Maji yakidondoka dakika chache tu baada ya kuoga, hayo ni mabaki ya ndani ya bomba, wala si ubovu. Yakidondoka mchana kutwa, aghalabu mpira wa ndani ya koki, uitwao washa, umekwisha. Yakitoka penye kishikio wakati wa kuoga, kazeni kidogo nati iliyo chini ya kishikio. Yasipokoma, kizibo cha ndani yake chataka kubadilishwa.

Kubadili washa si kazi kubwa. Fungeni koki kuu ya nyumba au ya tangi, kisha fungueni bomba mpaka maji yakatike. Zibeni tundu la kutolea maji kwa kitambaa, skurubu isije ikapotelea humo. Ondoeni kishikio kwa bisibisi. Fungueni koki nusu, kisha legezeni kichwa chake kwa spana, mkikizungushia kitambaa kisichubuke. Mwishoni mwake mtauona mpira. Utoeni, mwende nao dukani, mnunue ulio sawasawa nao kwa upana na unene.

Kabla ya kurudisha, papaseni kwa kidole mahali pa shaba ambapo mpira hukalia. Pakiwa pamekwaruzika, mpira mpya nao utakatika upesi. Mwiteni fundi apasage. Kisha rudisheni kila kitu kwa utaratibu mlioutolea, na koki kuu ifunguliwe polepole.

Koki za kisasa za kuinua mkono, au za kuzungusha robo tu, aghalabu hazina mpira wa namna hii. Hubadilishwa kifaa chote cha ndani. Ukuta ukilowa, huenda bomba la ndani limepasuka, nayo ni kazi ya fundi. Na bomba la mvua lipashalo maji kwa umeme, zimeni umeme wake, wala msilifungue; mwacheni fundi wa umeme.

Baada ya matengenezo, wafundisheni watoto kufunga koki kwa nguvu ya vidole tu. Wengi huikaza kwa nguvu wakidhani wanazuia maji, kumbe wanaukata mpira.

Nanyi vijana wetu, msione haya kushika spana nyumbani kwenu. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitengeneza viatu vyake na kushona nguo zake kwa mkono wake. Mwenye kumpunguzia mama ndoo ya kumwaga kila asubuhi, na jirani deni lisilo lake, amefanya wema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzihifadhi neema zake. Amin.