Dakika zisizoongewa: tuache kuwaibia watu wa Dadaab kwa hesabu

Leo siwaletei maelekezo ya kusakinisha programu hatua kwa hatua. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi watu wa programu. Tunaunda mifumo ya kutoza simu za intaneti, kisha tunajifanya kwamba hesabu ikishatoka kwenye kompyuta basi ni halali. Si kweli. Kompyuta hutoza vile ilivyoambiwa itoze, na aliyeiambia ni mimi na wewe.

Mfano wangu ni Dadaab, na sikuuchagua ovyo. Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991, zikafuata Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Mwaka 2011, njaa ilipoikumba Somalia, idadi ya watu huko ilikaribia nusu milioni. Wengi wana ndugu Kismayo, Mogadishu, Eastleigh, London na Minneapolis. Pesa za hawala zinazolisha nyumba nyingi kambini huanza na simu: mama anapiga, anaeleza shida, ndugu anatuma. Kwa hiyo tukisema simu ni anasa, tunakosea kabla hatujaanza.

Watu hawa hawakuungoja mtandao uje ndipo waongee. Miaka ya 1990 walitumia redio za masafa walizoziita taar. Unakwenda kwa mwenye redio, anamtafuta mwenzake wa upande wa pili, ndugu yako anaitwa, mnaongea huku kila aliyekaa karibu akisikia siri za ukoo wenu. Zikaja simu za mkononi, ikaja intaneti. Kenya iliruhusu simu za intaneti kisheria mwaka 2005, baada ya ukiritimba wa Telkom Kenya kumalizika 2004. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa 2009. Kabla ya hapo sauti yako ilipanda hadi satelaiti na kushuka tena.

Haya, mtu ataniuliza: siku hizi si kuna WhatsApp? Ndiyo, kwa mwenye simu ya maana na bando pande zote mbili. Lakini bibi aliye kijijini Somalia ana kitochi. Ili umpate lazima simu yako itoke kwenye intaneti na kuingia kwenye mtandao wa kawaida wa namba za +252. Hapo ndipo mfumo wa bili unapohitajika, na hapo ndipo wizi unapoingilia.

Tuangalie kwanza gharama ziko wapi. Simu ya intaneti hukatakata sauti kuwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde. Ukitumia kodeki ya G.729, sauti yenyewe ni kilobiti 8 kwa sekunde. Ukiongeza anwani za kila kipande unafika kama kilobiti 24. Saa nzima ya mazungumzo ni takriban megabaiti 11 kwa kila upande. Ni kidogo mno! Kinachogharimu ni kipande cha mwisho, yaani ada ambayo kampuni ya simu ya upande wa pili inadai ili iipokee simu yako na kuifikisha kwa mteja wake.

Hata ada hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Hapa Kenya, mwaka 2010, CCK (leo Mamlaka ya Mawasiliano) ilishusha ada ya kupokea simu za mitandao mingine kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na mwaka huohuo bei za kupiga zikaporomoka. Kwa hiyo bei ya dakika ni uamuzi wa watu. Tukumbuke hilo tunapoambiwa kwamba soko ndilo linaloamua.

Sasa tuje kwenye mashine. Chukua Asterisk, programu huria aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, inayoendesha vibanda na ofisi nyingi za simu duniani. Kila simu ikimalizika, inaandika rekodi. Ndani yake kuna namba mbili za muda. Ya kwanza inaitwa duration: inaanza kuhesabu simu inapopigwa. Ya pili inaitwa billsec: inaanza pale tu mtu wa upande wa pili anapopokea. Tofauti kati yake ni mlio. Ukichagua safu ya kwanza kwenye hesabu zako, mteja analipia kusikia "triii, triii". Neno moja tu kwenye msimbo! Na mteja hawezi kuliona hata akikesha.

Halafu kuna ugonjwa wa kujaza dakika. Umeongea dakika moja na sekunde tano, unalipa dakika mbili. Tuchukulie bei ya mfano ya shilingi 20 kwa dakika. Kwa sekunde ungelipa kama shilingi 21 na senti 67. Kwa dakika kamili unalipa 40. Hiyo ni karibu asilimia 85 juu ya haki yake.

Subirini, ubaya wenyewe uko mbele. Fikiria mtu wa Hagadera anayeongea na kaka yake dakika tano kamili, lakini laini ni mbovu na simu inakatika mara tatu. Anaongea dakika 1 na sekunde 10, inakatika; dakika 1 na sekunde 20, inakatika; sekunde 40, inakatika; kisha anamalizia kwa dakika 1 na sekunde 50. Jumla ni sekunde 300, yaani shilingi 100. Mfumo wa kujaza dakika unahesabu 2, 2, 1 na 2, yaani dakika saba, shilingi 140. Ongeza "ada ya kuunganisha" ya shilingi 5 kwa kila simu, mara nne, unafika 160.

Umeona kilichotokea? Laini imekuwa mbovu na mwenye kibanda amepata zaidi. Kila simu inapokatika, anaingiza pesa. Mfumo wa namna hii unampa mtu sababu ya kutotengeneza mtambo wake. Na sehemu kama Dadaab, penye joto, vumbi na umeme wa jenereta, simu kukatika si jambo la ajabu.

Satelaiti inazidisha. Satelaiti za aina hiyo ziko kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo sauti kupanda na kushuka inachukua karibu robo ya sekunde, na jibu kurudi robo nyingine. Ndipo watu wanapoanza "Halo? Halo? Wanisikia?" huku wakikatizana. Sekunde hizo zote zinalipiwa na mteja, ingawa kosa si lake. Kufikia 2012 mashirika ya misaada Dadaab yalikuwa na mtandao wao, DadaabNet, uliojengwa kwa ushirikiano wa NetHope, Inveneo na Cisco, ili ofisi zao ziachane na utegemezi wa satelaiti. Jambo jema. Lakini ulikuwa wa ofisi. Mama anayepiga simu sokoni hakuwa na ofisi.

Na kuna dakika za mzimu. Laini ya intaneti ikikatika ghafla, ule ujumbe wa "nimekata simu" haufiki kwenye seva. Seva inaendelea kuamini kwamba watu bado wanaongea, na saa inakwenda. Dawa ipo siku nyingi. Kuna kanuni ya SIP ya mwaka 2005, RFC 4028, inayozifanya pande mbili ziulizane mara kwa mara kama bado ziko. Asterisk nayo ina mpangilio wa kukata simu ikiwa sauti haijapita kwa muda fulani. Lakini mpangilio huo usipouwasha, haufanyi kazi. Na ukiuwasha kwa sekunde 60, kumbuka kuziondoa sekunde hizo 60 kwenye bili, maana hakuna aliyeongea.

Hoja za utetezi nazijua. Nizijibu.

Ya kwanza: "Kampuni ninayonunua dakika kwake inanijazia dakika pia." Inawezekana, na kufanya biashara kwa hasara si kazi ya mtu yeyote. Lakini rekodi zako zote unazo. Piga hesabu unapoteza kiasi gani kwa wastani, kisha pandisha bei ya sekunde waziwazi. Mteja akiona bei yako ni kubwa, ataamua mwenyewe kukaa au kwenda kwa jirani. Akifichwa, ameamuliwa.

Ya pili: "Kutoza kwa sekunde kutaniua kibiashara." Tuulize historia. Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana mwaka 2000, KenCell ilitoza kwa dakika na Safaricom ikatoza kwa sekunde. Mwenye shilingi chache alijua pa kwenda. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee iliyoipa Safaricom ukubwa wake, lakini sekunde hazikuiua. Mwaka 2019 ikaleta hata bando za intaneti zisizoisha muda, baada ya watu kulalamika hadi mahakamani. Bado iko hai!

Ya tatu haisemwi kwa sauti: kwamba mkimbizi hatajua, na akijua hatakuwa na pa kulalamika. Hii ndiyo inayonichoma. Ni kweli kwamba mtu asiye na kitambulisho kinachokubalika hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine, na akidhulumiwa anaogopa kujitokeza. Lakini usimdhanie mjinga. Kuanzia 2016 sehemu ya chakula cha watu wa Dadaab ilikuja kama salio kwenye simu, kwa mpango wa Bamba Chakula wa WFP. Mtu aliyezoea kuona unga na mafuta vikiwa namba kwenye kioo anajua maana ya salio kuliko sisi tunaoandika jedwali lake.

Kenya tuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Muuza nyama wa Garissa akichezea mizani yake, ni kosa, na mkaguzi huipiga mizani muhuri. Kwa kibanda cha simu za intaneti sijawahi kuona muhuri kama huo. Mfumo wa bili nao ni mizani. Tofauti ni kwamba ya bucha iko mezani na mshale wake unaonekana.

Basi kabla hujamkabidhi mtu mfumo wa bili, nadhani mambo haya si ya hiari:

1. Toza kwa billsec, kwa sekunde, bila ada ya kuunganisha. Ikiwa ni lazima ada iwepo, itajwe kabla simu haijaita.

2. Usihifadhi pesa kwa namba za desimali zinazoelea. Kompyuta haziwezi kuandika 0.1 sawasawa. Hifadhi kwa senti, namba kamili. Zidisha kwanza, gawanya mwisho, na ukikata senti, mkatie mteja upande wake.

3. Chagua bei kwa kufuata mwanzo wa namba ulio mrefu zaidi. Anayepiga 25261 asitozwe bei ya jumla ya 252 kwa sababu ulikuwa mvivu kujaza jedwali.

4. Zuia salio kabla simu haijaanza, ili kadi moja isitumike kwenye simu mbili kwa wakati mmoja kisha mteja aambiwe ana deni asilolijua.

5. Kagua anayekuuzia dakika. Wako wanaoanza kuhesabu wakati simu bado inaita. Ukiona njia fulani ina "simu zilizopokelewa" za sekunde tatu nyingi kupita kiasi, ifunge.

6. Simu ikiisha, tuma ujumbe: umeongea muda gani, umelipa kiasi gani, umebaki na nini. Kwa Kisomali na kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji fedha za wafadhili. Ni kazi ya siku chache kwa mtu aliyesoma kompyuta, na zana zote ni huria.

Wanaotumia A2Billing wana rahisi zaidi. Fungueni jedwali la bei leo jioni, mtazame safu tatu: initblock, billingblock na connectcharge. Ukiona 60, 60 na namba yoyote iliyo juu ya sifuri, ujue kuna mtu anayelipia dakika ambazo hakuongea. Weka 1, 1 na 0, hifadhi, kisha ukalale. Nimesema.